Semina imeisha, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri, mi nafundisha chuo cha ualimu huku Tabora, tumepewa semina ya siku 3 ya utafiti na ufundishaji wa kidijitali, mwezeshaji kapitisha slaidi mbiombio, tukapiga picha na vyeti tukarudi, sasa nina laptop sijui nianze na nini na bando ndo hivyo halikai.

JIBU: Marahaba mwalimu. Kwa kweli inauma, maana kompyuta hufundishwi kwa kutazama, lazima mkono uguse. We anza na Zotero tu, programu ya kutunza na kupanga marejeo ya utafiti, ni ya bure toka 2006, ukishaishusha inafanya kazi hata bila intaneti, unaandika kwenye Word, unabonyeza, orodha ya marejeo inajipanga yenyewe. Makala za kulipia usinunue kwanza, muulize mkutubi kama chuo kimesajiliwa Research4Life, inafungulia majarida taasisi za nchi kama yetu, bure au kwa bei ndogo. Darasani je? Rekodi sauti ya dakika 5 urushe kwenye grupu la WhatsApp, inakula bando kidogo kuliko video. Ukikwama kwenye Zotero niandikie tena, nitakujibu hatua kwa hatua.