Mtungi wa bure na gharama ya kuujaza

Swali lililoulizwa ni kwa nini kaya zilizopewa mtungi na jiko la gesi bila malipo huonekana, baada ya miezi michache, zikiwasha mkaa tena. Wengi hujibu kwamba ni mazoea au uelewa mdogo. Mimi niliyepika kwa vyote viwili katika nyumba moja kwa miaka minne sikubaliani nao.

Mkaa hununuliwa kwa kopo, kulingana na kilichopatikana siku hiyo, ilhali mtungi hujazwa wote kwa mkupuo, kwa fedha ambazo mtu anayelipwa kwa kutwa ni vigumu kuziweka kando. Niliandika matumizi yetu kwenye daftari kwa miezi mitatu, nikakuta kwamba gesi ilitugharimu pungufu kidogo kuliko mkaa, jambo lisilo la ajabu, kwani jiko la gesi hufikisha zaidi ya nusu ya joto lake kwenye sufuria na jiko la kawaida la mkaa hupoteza sehemu kubwa. Hesabu hiyo haikutufaa kitu mtungi ulipoisha katikati ya mwezi. Na hata ulipokuwa na gesi, chakula cha kuchemka saa mbili kilibaki kwenye mkaa, kwa sababu mtungi hausemi umebakiwa na kiasi gani.

Sera nyingi hukosea hapo hapo. India ilianzisha mpango wa Ujjwala mwaka 2016, ikaziunganishia gesi ya kupikia kaya maskini milioni 80 kufikia 2019, lakini nyingi zilijaza mara chache tu kwa mwaka. Mwaka 2022 serikali ikalazimika kuongeza ruzuku ya rupia 200 kwa kila mtungi unaojazwa. Indonesia ilifanya tofauti: ilipoanza kuyaondoa mafuta ya taa majikoni mwaka 2007, iligawa mitungi ya kilo 3 na kuendelea kutoa ruzuku kwa gesi yenyewe. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye gesi mwaka 2016, ikairudisha kwa asilimia 16 Julai 2021, ikaishusha hadi 8 mwaka uliofuata, kisha ikaifuta tena 2023. Sijui kaya ipangeje bajeti yake katika kuyumba kwa namna hiyo.

Sisi tuliacha mkaa pale muuzaji alipokubali tuweke kwake fedha kidogo kidogo hadi zitimie za kujaza.