Mada ya tasnifu ya uzamili: kutoka "athari za ukoloni" hadi swali linalofanyiwa utafiti

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Nachingwea, nina shahada ya kwanza ya sanaa na elimu, na nafundisha historia. Naandaa maombi ya uzamili wa historia. Mada niliyofikiria ni "Athari za ukoloni kusini mwa Tanganyika, 1885–1961". Mwenzangu aliyetangulia anasema itakataliwa kwa kuwa ni pana. Niibane vipi? Ni lazima nijue Kijerumani? Na je, masimulizi ya wazee yanatosha kuwa chanzo?

JIBU: Mwenzako hakukosea, Mwalimu. Mada hiyo imebeba miaka 76, tawala mbili, Vita vya Maji Maji na Vita Kuu ya Kwanza. Kufupisha miaka peke yake hakutaiokoa. Mada za "athari" huishia kupanga mazuri upande huu na mabaya upande ule, kazi unayoisahihisha kila mwaka kwenye madaftari ya kidato cha nne. Msimamizi anataka swali ambalo jibu lake halijajulikana, na ambalo ushahidi wake unaweza kuufikia.

Nawe unaishi katikati ya ushahidi. Nachingwea, pamoja na Kongwa na Urambo, ilikuwa eneo la mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Mengi yaliyoandikwa juu yake yanahusu wapangaji na makosa yao: matrekta, mvua, udongo mgumu wa Kongwa. Geuza macho kwa wafanyakazi. Vijana wa kusini walikuwa wamezoea kwenda mashamba ya mkonge kama manamba, yaani vibarua wa mkataba. Mradi ulipofika mlangoni kwao, nani alijiandikisha, nani alikataa, na kwa nini? Hapo una kichwa: "Vibarua wa mradi wa karanga Nachingwea, 1947–1951". Kina mahali pamoja, miaka michache na watu wanaofahamika.

Kwa mada hiyo Kijerumani hukihitaji. Ungekwenda Maji Maji, ungekihitaji, tena pamoja na uwezo wa kusoma mwandiko wa zamani wa Kijerumani, ambao hata Wajerumani wengi wa leo unawashinda.

Kabla hujaandika pendekezo la utafiti, nenda Upanga, Dar es Salaam, kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Huu ndio ushauri wangu mkubwa, na ndio unaopuuzwa kuliko yote. Wanafunzi huandika pendekezo zuri, likapitishwa, kisha wakagundua majalada hayapo. Tumia likizo ya Juni kupitia orodha za majalada ya utawala wa Jimbo la Kusini na ya idara ya kazi. Kwa kawaida nyaraka za serikali hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30, kwa hiyo umri wa hizi si kikwazo. Pita pia maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha East Africana chenye machapisho ya Afrika Mashariki, uangalie gazeti la Mambo Leo la miaka hiyo. Mijadala ya Bunge la Uingereza kuhusu mradi huu inasomeka bure mtandaoni.

Sasa wazee. Piga hesabu kwanza: kibarua aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1949 alizaliwa 1929. Walio hai ni wachache mno, na wengi utakaowapata walikuwa watoto wakati ule. Watakusimulia waliyoyasikia kwa baba zao. Huo nao ni ushahidi, ila wa aina nyingine, na tasnifu iseme hivyo waziwazi. Usimwulize mzee "mradi ulileta athari gani?" Atakupa jibu la mkutano wa hadhara. Uliza jina la nyapara, posho ya wiki, walilala wapi, nani alitoroka. Halafu linganisha na majalada. Pale yanapogongana ndipo sura yako nzuri itakapozaliwa.

Kama unataka masimulizi yawe nguzo kuu, sogea mbele kidogo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi ya mafunzo hapo hapo Nachingwea, na majirani waliowauzia chakula au kuishi nao bado wanapatikana. Upungufu wake ni kwamba nyaraka za mambo ya ulinzi si rahisi kuzifikia, kwa hiyo utaegemea midomo ya watu zaidi. Mimi ningechagua karanga.

Kuhusu udahili, vyuo hutazama daraja la shahada ya kwanza na alama zako za kozi za historia, kwa hiyo ambatisha nakala safi ya matokeo. Ruhusa ya masomo iombe mapema kupitia mkuu wako wa shule hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri. Barua hizo hukaa mezani. Ukishasajiliwa, chuo kitakupa barua ya utafiti. Ipitishe kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wa Wilaya, ndipo uende kwa mtendaji wa kijiji, hata kama mtendaji mwenyewe ulimfundisha.