"Ndiyo" Yake Si "Ndiyo" Yako

Wewe unayeanza kazi kwenye timu ya watu wa mataifa mbalimbali, usihangaike sana na lafudhi. Utaizoea ndani ya wiki mbili. Kitakachokuponza ni neno dogo tu: ndiyo.

Mwaka wangu wa kwanza nilimpa mwenzangu Mjapani maelekezo ya kazi kwa simu ya video. Kila nikimaliza sentensi, anaitika "hai, hai", yaani "ndiyo, ndiyo" kwa Kijapani, huku akitikisa kichwa. Nikajua tumekubaliana. Ijumaa ikafika, kazi haipo. Nikamwandikia barua pepe ambayo hadi leo naionea aibu. Baadaye ndipo nikaja kuelewa kwamba "hai" ya namna ile mara nyingi ni "nakusikia, endelea", wala si "nitafanya". Na alishanidokeza, masikini, alisema, "Hilo litakuwa gumu kidogo." Kwake ile ilikuwa hapana kamili. Mimi nikadhani anahitaji kutiwa moyo.

Edward T. Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, alilieleza hili mwaka 1976: kuna jamii ambamo maana hukaa ndani ya maneno yenyewe, na kuna ambamo sehemu kubwa hukaa nje yake, yaani nani anasema, mbele ya nani, na kanyamaza wapi. Inasaidia kujua hivyo, ila usiigeuze muhuri wa kumgongea kila mtu. Nimeshafanya kazi na Wajapani wanaosema waziwazi kunishinda.

Mimi niliacha kuuliza "umeelewa?" Nani atajibu hapana mbele ya bosi? Siku hizi nauliza, "Utaanzia wapi?" au "Kipi kinaweza kutukwamisha?" Kisha nanyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo penye kazi. Hesabu hadi tano kimoyomoyo kabla hujamkatiza mtu, maana huenda bado anatafsiri kichwani.

Mkutano ukiisha, tuma mistari mitatu: nani, nini, lini. Mwezi uandike kwa jina lake. 04/05 kwa Mmarekani ni tarehe 5 Aprili, kwa Mwingereza ni 4 Mei, na nimeshuhudia nusu ya watu wakikosa kikao kwa sababu hiyo tu.

Yule mwenzangu nilimwomba radhi miezi miwili baadaye. Akacheka, akasema, "Hapana, hapana, kosa lilikuwa langu." Sina hakika kama hata hiyo niliielewa sawasawa.