Mume wako hakukuaibisha, Mama Eli

Mama Eli wa Mbeya ameniandikia barua ndefu. Mumewe, fundi seremala na mzee wa kanisa, alipata kiharusi mwaka jana, mkono wa kulia ukapooza. Majuzi jumuiya iliposali nyumbani kwao, Baba Eli alilia mbele za watu. Alisema hawezi hata kufunga vifungo vya shati, na akijaribu kusali maneno hayaji, basi wenzake wamwombee. Mama Eli alitamani ardhi ipasuke. Anasema mumewe amekiri kushindwa na kumfungulia adui mlango, na anauliza amfanyeje mwanaume aliyepoteza imani.

Pole, mwanangu. Kumuuguza mtu wa kiharusi si kazi ndogo: umwogeshe, umlishe, umgeuze usiku, na asubuhi watoto wanadai ada. Umechoka, nakuelewa. Lakini nimeirudia barua yako, na huyo aliyepoteza imani simwoni.

Ninachokiona ni kwamba waliokuwepo siku ile umewataja wote, mke wa mchungaji, wanakwaya, jirani msiyeelewana naye. Mgonjwa mwenyewe alijisikiaje baada ya kusema yale, hukuandika. Kisha kuna mstari umeupitia haraka haraka: kwamba tangu mtumishi fulani awaombee "hatutumii tena dawa za presha", ila umekuta Baba Eli ameficha pakiti chini ya godoro. Mama Eli! Mtu anayemeza dawa kwa kujificha kama mwizi, ndani ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, hakuamua yeye kuziacha. Uliamua wewe. Presha ikiachwa bila dawa inaweza kuleta kiharusi cha pili, na cha pili huenda kisimwachie hata hayo machozi yaliyokukera. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mumeo amekataa kuficha, wewe unataka afiche.

Umeninukulia Paulo: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Rudi nyuma mstari mmoja tu. Yuko kifungoni, anasema amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Hayo ndiyo mambo yote anayoyaweza. Tena Wakorintho walimdharau kwa hayo hayo unayomdharaulia mumeo; walisema nyaraka zake ni nzito, bali akiwapo mwenyewe mwilini ni dhaifu na maneno yake si kitu. Paulo hakuuficha udhaifu wake. Aliwaandikia kwamba ana mwiba katika mwili, kwamba alimsihi Bwana mara tatu umtoke, na haukutoka. Alichojibiwa ni hiki: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Mtume mzima aliandika kwamba ombi lake halikujibiwa alivyotaka, barua ikasomwa kanisani. Je, naye alimfungulia adui mlango? Na Timotheo alipokuwa akiugua mara kwa mara, Paulo hakumkemea kwa uhaba wa imani, alimwambia atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake.

Mtu anayesema "nimeshindwa kusali, niombeeni" bado anamwamini Mungu, na anawaamini ndugu zake. Musa aliposimama juu ya kilima wakati Israeli wanapigana na Amaleki, mikono yake ililemewa. Walimketisha juu ya jiwe, Haruni na Huri wakaitegemeza mikono yake, huyu upande huu na yule upande ule, mpaka jua likachwa. Hakuna aliyemwambia Musa anawaaibisha. Baba Eli aliomba kutegemezwa vivyo hivyo, na mkewe alikuwa jikoni akiona haya.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha. Tunaapa madhabahuni katika ugonjwa na afya, huku moyoni tumeolewa na afya peke yake. Mwanaume akileta pesa na kusimama mimbarani ni kichwa cha nyumba. Akilia, tunatafuta pepo la kumkemea. Waume nao wamejifunza, wanakufa na presha zao kimya kimya. Wako amesema. Wanawake wangapi wangetamani wa kwao aseme mapema?

Leo hii mrudishie dawa zake mkononi, na umwombe msamaha bila kuongeza "lakini". Wiki hii mpeleke hospitali wampime presha, uulize kuhusu mazoezi ya mkono. Kwa yule mtumishi aliyewaombea mkaacha dawa, usikanyage tena. Kisha mwambie kiongozi wa jumuiya kwamba na wewe umechoka, unahitaji akina mama wawili watatu wa kukupokea zamu ili ulale. Useme mbele ya Baba Eli, asikie kwamba si yeye peke yake.