Narudi dukani, mtoto ana miezi mitatu

SWALI: Shangazi habari, mimi nauza nguo hapa Kampala, likizo imeisha na bosi anataka nirudi. Nikichelewa kunyonyesha maziwa yanajaa mpaka blauzi inalowa, wateja wananiangalia. Mama mkwe anasema nianze tu kumpa uji. Nifanyeje? Mama Shamim

JIBU: Pole sana mwanangu, na hongera kwa mtoto. Uji bado kabisa, mpaka afike miezi 6, mwambie mama kwa heshima tu, wala sio ubishi. Halafu hiyo likizo ulipewa yote? Sheria ya ajira ya 2006 inasema siku 60 za kazi na mshahara kamili, na baba naye ana siku zake 4, angalau akupikie.

Sasa bosi, kaa naye umwombe dakika ishirini za kukamua maziwa mara mbili tatu kwa siku, na hata kastoo kenye pazia na kiti kanatosha, ila choo hapana, nani anakula chooni? Unanawa mikono, unakamua kwenye kikombe kisafi chenye kifuniko, unaweka kwenye kikuleri chenye barafu maana joto la mchana maziwa hayakai zaidi ya masaa manne. Jioni yanaingia kwenye friji, yanakaa mpaka siku nne.

Na nyie mnaouza naye hapo, mkiona blauzi imelowa mpeni leso ajifunike na mmshikie duka kidogo, jamani.