Kabla hujaandika taarifa ya kuomba radhi: kwa wanaoanza kuwasemea watu maarufu

Siku meneja wa msanii akikupigia usiku na kukwambia "ingia mtandaoni uone", mkono utakuwasha kuandika. Subiri. Kwanza uliza nini kimetokea hasa, kuna video gani haijatoka bado, na zaidi ya yote, nani ameumia. Muulize mteja mwenyewe, maana meneja naye huwa amesimuliwa. Kisha muulize tena kama kuna alichobakiza.

Nasisitiza hili kwa sababu mara nyingi kinachomwangusha mtu maarufu ni maelezo yake ya kwanza kuliko kosa lenyewe. Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, mwogeleaji wa Marekani Ryan Lochte alisema yeye na wenzake waliporwa kwa bunduki. Picha za kamera za kituo cha mafuta zilipotoka, ikaonekana kwamba walikuwa na mvutano na walinzi wa kituo, na yeye mwenyewe akakiri kuwa alitia chumvi. Wadhamini, Speedo wakiwemo, wakamwacha, na akafungiwa miezi 10. Ugomvi wa kituo cha mafuta ungesahaulika upesi sana.

Utasikia kwamba lazima ujibu ndani ya saa moja. Mimi siafiki. Kinachotaka haraka ni kuzuia: simamisha machapisho yaliyopangwa kutoka yenyewe, waombe ndugu na marafiki wasijibizane na watu kwenye maoni, na mteja asiingie laivu kwa hasira. Chapisho lenye kosa likiwa bado linamuumiza mtu, lifute, ila useme wazi kwamba umelifuta na kwa nini. Watu wameshalipiga picha ya skrini, kwa hiyo kulifuta kimyakimya kunakuongezea tuhuma ya pili.

Kuna nyakati pia ambapo hujibu kabisa. Uvumi wa akaunti ndogo usiomdhuru mtu, ukiukanusha kwa akaunti yenye mamilioni ya wafuasi, wewe ndiye uliyeusambaza. Mwaka 2003 Barbra Streisand, mwimbaji na mwigizaji wa Marekani, alifungua kesi ya dola milioni 50 kwa sababu ya picha ya pwani iliyoonyesha nyumba yake. Kabla ya kesi picha hiyo ilikuwa imepakuliwa mara 6 tu, na mara 2 kati ya hizo ni mawakili wake. Mwezi uliofuata, watu zaidi ya laki nne waliitembelea tovuti yenye picha hiyo. Kesi yenyewe ikatupwa.

Sasa tuje kwenye radhi yenyewe, ambako vijana wengi wa kazi hii wanapotea. Wanaandika kwa ajili ya mashabiki na wadhamini, na aliyeumizwa hatajwi popote. Tarehe 31 Desemba 2017 Logan Paul, Mmarekani maarufu kwa video za mtandaoni, aliweka YouTube video iliyoonyesha mwili wa mtu aliyejiua katika msitu wa Aokigahara, Japani. Maandishi yake ya kwanza ya kuomba radhi yalieleza kwamba alitaka kuamsha uelewa kuhusu kujiua, na yakagusia jinsi anavyotengeneza kipindi kila siku kwa zaidi ya siku 460. Familia ya marehemu ingefanya nini na takwimu hiyo? Kesho yake ikabidi aombe radhi upya kwa video.

Januari 2018 Dan Harmon, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni, alizungumza kwenye podikasti yake kuhusu Megan Ganz, mwandishi aliyewahi kufanya kazi chini yake. Alieleza hatua kwa hatua jinsi alivyomtaka, jinsi alivyokataliwa, na jinsi alivyomtesa kazini baadaye. Hakusingizia pombe wala msongo, na hakuomba apongezwe kwa kusema. Ganz akatangaza hadharani kwamba amemsamehe, na kwamba alipata nafuu ambayo hakuitarajia kwa kusikia tu kwamba mambo yale yalitokea kweli, hakuyaota. Soma rasimu yako ukimfikiria mtu kama huyo. Ikiwa hatajikuta ndani yake, anza upya. Na ukiona "kama kuna aliyekwazika", futa sentensi nzima.

Mpangilio nao una uzito. Desemba 2018, baada ya mchekeshaji Kevin Hart kutangazwa mwendeshaji wa sherehe za Oscar, maneno yake ya zamani ya kuwadhalilisha wapenzi wa jinsia moja yalifukuliwa. Alisema kwanza kwamba hataomba radhi; saa chache baadaye akajiondoa na kuomba radhi. Maneno ya pili yalikuwa mazuri, lakini kila aliyeyasoma alikuwa ameshasikia lile la kwanza.

Kitendo kikiwezekana, kitangulie maelezo marefu. Juni 2022 mwanamuziki wa Marekani Lizzo aliambiwa kuwa neno moja kwenye wimbo wake mpya linawatukana watu wenye ulemavu. Siku chache tu baadaye akatoa toleo jipya lisilo na neno hilo, pamoja na taarifa fupi.

Baada ya taarifa kutoka, simu ya mteja ikae kwa mtu mwingine anayemwamini, kwa sababu kusoma matusi elfu kwa usiku mmoja kunamvunja mtu yeyote. Sitisha matangazo ya biashara. Kama mliahidi kukutana na walioumizwa, panga tarehe wiki hiyohiyo, na mpiga picha asiwepo.