Mnaoanza kusoma ushairi wa kale: nani katunga, na fumbo liko wapi

Wadogo zangu mnaoanza ushairi wa kale wa Kiswahili, swali la kwanza msiliruke: nani aliyaandika haya maneno kwenye karatasi na lini, maana jina lililo juu ya shairi mara nyingi si la aliyeshika kalamu. Chukua Fumo Liyongo, yule shujaa na mshairi wa kale wa pwani. Wapo wanaomweka karne ya 9, wapo wanaomleta hadi ya 17, ila utendi maarufu wa habari zake aliuandika Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, sasa mtu anausoma halafu kwenye asainmenti anaandika "Liyongo anasema", hapana jamani, anayesema pale ni Kijumwa. Na shairi la Takhmisa ya Liyongo ndo kabisaa, inasemekana Sayyid Abdalla, mwanachuoni aliyetunga utenzi wa Al-Inkishafi, alichukua mishororo miwili miwili ya Liyongo akaongeza mitatu yake, yaani ubeti mmoja una sauti mbili na usipozitenganisha unambebesha shujaa mawazo ya mwanachuoni wa karne nyingine.

Muyaka naye, mshairi wa Mombasa, alifariki karibu na 1840, mashairi yake yakaja kukusanywa miaka mingi baadaye na mmisionari Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, kutoka kwa watu wa Mombasa waliokuwa wanayakumbuka kwa kichwa, diwani yenyewe, yaani kitabu cha mashairi hayo, ikachapwa 1940. Sikujua hapewi heshima yake na hili linaniuma kweli, bila yeye sijui leo tungekuwa tunasoma nini.

Kwenye mafumbo ndo wengi mnapotea. Mkishajua Muyaka alikuwa upande wa Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, dhidi ya Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, basi kila jahazi mnaliona siasa, kila mwanamke mnasema ni Mombasa. Muyaka ana mashairi ya mapenzi ambayo ni ya mapenzi tu, yaacheni. Ukitaka kudai fumbo tafuta tukio, tafuta nani alikuwa anasikiliza, na kubwa kuliko yote tafuta jibu, kwa sababu washairi wa Mombasa na Lamu walikuwa wanajibizana, na Bwana Zahidi Mgumi wa Lamu anapomjibu Muyaka unaona wazi yeye mwenyewe alichomwa na neno lipi, ushahidi huo hauna mfano. Kwa hiyo anzeni na mashairi ya majibizano, someni pande zote mbili kwa pamoja, haya ya upande mmoja mtayarudia mkishazoea.